Malalamiko ya Anayesimama Mbele Kuhusu Shambulio la Kuvizia

Kwa Msimamizi wa Meza ya Jumamosi, ambaye pia ni mpwa wangu,

Mheshimiwa,

Salamu kwako na kwa vitabu vyako vya kanuni. Mimi ni mzima. Mhusika ninayemcheza katika mchezo wetu wa hadithi na dadu, Bwana Ngao, ndiye anayeishi kwa uhai wa kuazima tangu alipokanyagwa na lile jitu la darajani wiki iliyopita. Nakuandikia nikiwa karakanani, kwenye kona ya benchi la kurandia mbao, kwa sababu nyumbani hakuna siri. Na nakuandikia kirasmi, maana kama mjomba nilishajaribu, ukanijibu, "Mjomba, kanuni ni kanuni, tupa dadu."

Jumamosi ijayo tunalimaliza jitu. Desturi ya meza yetu unaijua: anayetoa pigo la mwisho, kisanamu cha mhusika wake hupandishwa kwenye rafu juu ya mlango wa karakana na kukaa huko mpaka hadithi nyingine iishe. Rafu hiyo niliitengeneza mimi, nikaipiga msasa, nikaipaka vanishi. Tangu siku hiyo hajapanda mwingine ila Unyoya, yule mwizi mwembamba anayechezwa na mke wangu. Kisanamu cha Bwana Ngao kinakaa kwenye kopo la misumari. Kabla sijazeeka zaidi, naomba nacho kipandishwe walau mara moja. Kinachokizuia ni kanuni moja tu, ile ya shambulio la kuvizia, na malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Ngao anabeba shoka refu kama mlango, na mimi milango naijua. Shoka likilipata jitu, natupa dadu moja. Unyoya ana kisu cha kumenyea viazi. Akichoma, anatupa dadu ya kisu, kisha anaongeza za kuvizia, kiganja kizima, na zikimpungukia anachukua zangu bila hata kuinua macho: "Baba, niazime, zako si zimekaa tu." Ulinieleza kwamba yeye anajua pa kuchoma, chini ya mbavu, nyuma ya goti, mahali adui asipojikinga. Sawa. Lakini mimi nalipiga jitu hilo usoni, mchana kweupe, tukitazamana kama watu wenye adabu zao. Nashauri uungwana nao utengewe dadu.

2. Niliposikia kwamba nyongeza ni ya aliyejificha, nilijificha. Naomba jambo hili lisirudiwe mbele ya wateja. Hakuna aliyenifafanulia kwamba anayejificha ni mhusika. Niliingia ndani ya kabati la nguo lililokuwa likisubiri kuchukuliwa, nikavuta mlango, nikangoja zamu yangu. Nikakusikia ukisema, "Bwana Ngao hayupo, zamu yake imepita," na nikamsikia shemeji yangu, anayecheza mchawi, akiuliza kama karanga zangu nazo hazina mwenyewe. Nilipochomoka ghafla kushambulia, vanishi ilikuwa bado mbichi. Kabati lile liliondoka na alama ya bega langu, na mimi nikapewa dadu ile ile moja.

3. Hapo ndipo ulipofungua kitabu ukanisomea kilichonimaliza nguvu, kwamba Unyoya hata halazimiki kujificha. Inatosha awepo mwenzake karibu na adui, anayemshughulisha, na adui anahesabiwa kuwa hana macho ya kutazama kwingine. Nikauliza, mwenzake yupi? Meza nzima ikanigeukia. Kumbe muda wote huu nyongeza yake ni mimi. Mbavu za Bwana Ngao ndizo dadu za Unyoya. Yeye huchoma, akarudi nyuma ya nguzo akajipangusa vumbi. Mimi hubaki na jitu lililokasirika, na likitafuta wa kumlipizia, halitafuti mbali.

4. Kanuni hii imeanza kuvuja kutoka mezani. Juzi mimi na shemeji tulipandisha kitanda cha mteja ghorofani. Mimi nilikuwa upande wa chini, uliko uzito. Kwenye kona ya ngazi nikabanwa kifua ukutani, nikikishughulisha kitanda kwa nguvu zangu zote. Shemeji akauegemeza upande wake kwenye kizingiti, akaingia ndani, akamwambia mwenye nyumba, "Mama, kitanda chako hicho kimefika." Akashukuriwa yeye, akapewa na soda. Nilipodai haki yangu, akanijibu mrija ukiwa mdomoni, "Shemeji, wewe si ndiye uliyekuwa karibu na adui?"

5. La tano lilikuwa ombi la kupewa kisu na mimi, ila ulishalikataa. Ulisema kuvizia ni fani ya wezi, na kwamba kwa deraya ile, lile vazi la chuma, ninasikika kabla sijaonekana. Naliandika tu ili lisije likasahaulika.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba nusu ya dadu za kuvizia zitupwe na anayesimama mbele. Naomba pia kila anayekusudia kumchoma adui mgongoni ampe kwanza taarifa ya maandishi, mbele ya shahidi. Na hapa sitanii: nguzo zote za lile daraja ziondolewe kabla ya Jumamosi, hata ikibidi nije na msumeno wangu. Ukikataa, Bwana Ngao atasimama mbali na jitu, atakunja mikono, na tutaona huyo Unyoya atavizia kwa mgongo wa nani.

Msalimie mama yako, mwambie mguu wa kochi lake sijausahau. Wasalimie walimu wenzako, na wanafunzi wako wasiojua unavyotutesa wikiendi.

Ni mimi, mtiifu kwa kanuni nisizozipenda,
Mjomba wako, seremala na mbeba ngao.

Baada ya sahihi: Nilitoka kutafuta bahasha. Niliporudi nilimkuta mkaza mjomba wako ameketi kwenye kiti changu, barua mkononi, na wala sikuwa nimemsikia akiingia. Aliisoma yote, akasema, "Kumbe unaitaka rafu? Si ungesema, baba." Ameamua Jumamosi tubadilishane: yeye atabeba ngao, mimi nishike kisu. Nikamuuliza haogopi jitu? Akasema, "Nimekaa na wewe miaka yote hii, jitu litanifanya nini." Tukajaribu papo hapo. Kopo la gundi likawa jitu, Bwana Ngao akawekwa mbele yake, nami nikamshika Unyoya nikachoma. Nikatupa dadu, kiganja kizima. Mpwa wangu, sikujua zinalia vizuri hivyo. Kopo lilikufa pale pale.

Basi futa la kwanza hadi la tano, pamoja na maombi. Kanuni hii ina busara, na inaonekana walioitunga walitulia. Nguzo zibaki, na ukipata nafasi ongeza mbili. Naelewa kwamba atakayepanda kwenye rafu atakuwa Unyoya tena. Nimelifikiria sana hilo, na nimeona kwamba Bwana Ngao kopo la misumari ameshalizoea.

Na endapo anayesimama mbele atakuletea barua, tafadhali usiipokee. Watu wa namna hiyo wanapenda sana kulalamika.