Mtani wa Mabomba

Swabir aliiona riziki yake katika harusi moja ya Msambweni ambayo hakuna aliyemwalika. Alikuwa ameingia kula pilau, jambo alilolihesabu kuwa haki ya kila raia mwenye shati safi, ndipo akaona gari la bwana harusi likizuiwa njiani na watani. Mmoja wao, Bi Mwanapili wa Bongwe, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi wa harusi yenyewe, alifungua buti, akatoa tairi la akiba na kuliviringisha hadi jikoni kwake. Swabir akangoja ngumi. Bwana harusi alicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Hakasiriki?" Swabir alimuuliza aliyekuwa naye kwenye sinia.

"Amkasirikie mtani? Hiyo ni aibu. Mtani akichukua, amechukua."

Swabir alizaliwa Majengo, Mombasa, na mambo ya utani aliyasikia kwa wakubwa bila kuyatilia maanani. Siku ile aliyatilia. Alirudi nyumbani akiistaajabia nchi hii njema, ambamo mtu hunyang'anywa mali yake mchana kweupe na akaagana na mnyang'anyi kwa kicheko.

Ni vizuri tuelezane alichokuwa akikitafuta. Katikati ya bomba la moshi la gari lililotoka Japani kuna kitumbo cha chuma, na ndani yake mna kitu mfano wa sega la nyuki, kazi yake kusafisha moshi. Sega hilo lina madini ya thamani. Wenye magari wengi hawana habari nalo, na Lewis, mnunuzi wa vyuma kutoka bara, alikuwa akiomba wasiipate.

Swabir akafungua gereji Ukunda, kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda Diani. Akamchukua mchomeleaji kutoka Kinango aitwaye Ziro, akatundika ukutani mabomba mapya yaliyopakwa rangi ya fedha. Mteja alichagua kwa sikio. Kulikuwa na Shemeji, lenye sauti ya mtu anayekohoa mlangoni kwa adabu. Kulikuwa na Bwana Harusi, lililonguruma kwa kujiamini. Na kulikuwa na Ndovu wa Shimba, ambalo likipita mtaani kuku husahau kutaga. Yote yalitokana na mabomba yale yale ya kutengenezea viti. Kilichotofautiana ni matundu aliyoyatoboa Ziro ndani.

Mteja akishachagua, Swabir humuuliza ukoo wake, kisha hujipiga kipaji. Kumbe! Babu yake mzaa mama alikuwa mtani wa ukoo huo huo, na walitaniana mpaka kaburini.

"Mtu baki ningemtoza ufundi," alimwambia Chirau, mwuza nazi wa Kombani mwenye Probox. "Lakini wewe mtani wangu. Nachukua kitu kimoja tu, hili bomba lako kuukuu, iwe ndio utani wetu."

Chirau alicheka, maana angefanya nini. Tena moyoni aliona yeye ndiye aliyemlalia mwenzake: kafungiwa bomba jipya bila kulipia ufundi, na takataka kaondolewa. Aliondoka na Ndovu wa Shimba, akazunguka soko la Kombani bila kuwa na haja yoyote ya sokoni.

Msimu ukaenda hivyo na gunia la vitumbo likajaa. Swabir alikubaliana na Lewis waonane Jumamosi asubuhi; akishauza, angehamia Malindi kabla wateja hawajaanza kuulizana mbona magari yao siku hizi yananuka. Gunia lile lilikuwa kila alichonacho duniani. Hakuwa na akiba nyingine, wala ujuzi mwingine, wala mji mwingine ambao bado haukumjua. Alilala nalo chumba kimoja na kulifunika shuka.

Tumwache hapo na gunia lake, twende Jego kwenye harusi nyingine, kwa sababu huku kwetu mambo yote hatimaye huishia harusini. Bi Mwanapili alikuwa akipakua, na wanaume wa sinia moja wakawa wanasifia mabomba yao. Chirau akamtaja mtani wake wa Ukunda. Shutu, mwenye Noah, akasema ajabu, huyo mbona ni mtani wake yeye. Wa tatu akasema babu zao walitaniana mpaka kaburini. Ikadhihirika kwamba sinia zima lilikuwa na mtani mmoja.

Bi Mwanapili aliweka upawa chini. Koo zile alizijua zote, maana alizipikia zote, na mojawapo haikuwa na utani na kiumbe yeyote. Mtu wa mwisho kuwatania watu wa ukoo ule alipelekwa kwa chifu.

Siku mbili baadaye alifika gereji na Land Cruiser yake kuukuu, ile inayobeba masufuria. Swabir hakumtambua. Kule Msambweni macho yake yalikuwa kwenye tairi; ya mpishi yalikuwa kwa wanaokula bila kualikwa.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Nataka bomba ambalo watu wakilisikia wajue pilau inakuja."

Swabir alichungulia chini ya gari, akaona kitumbo kinene ambacho hakijawahi kuguswa na fundi, mate yakamjaa. Akauliza ukoo. Akajipiga kipaji.

"Kweli wewe ni mtani wangu?" Bi Mwanapili aliuliza, na wateja waliokuwapo wakageuka kusikiliza.

"Wallahi, Bi. Mtani hasa."

"Nimefurahi sana. Basi nitarudi, na wenzangu."

Swabir alipokwenda kunywa chai, mama yule alimpelekea Ziro sahani ya pilau nyuma ya kibanda. Ziro alikuwa na mengi moyoni, kwani hata yeye aliajiriwa kwa utani, na utani huo ulimgharimu spana zake mbili nzuri. Alieleza kwamba huyakata mabomba kuukuu na kutoa vitumbo, na kwamba Jumamosi asubuhi anakuja mtu wa bara na mzani mdogo, wa kama kupimia dhahabu.

"Wa kupimia dhahabu," Bi Mwanapili alirudia taratibu.

Ziro akasema ndio, akaomba nyongeza ya kachumbari.

Jumamosi Swabir alikuwa amekalia gunia akimngoja Lewis. Pikapu yake ilikuwa tayari uani, na Ziro yuko chini yake, akisema anakaza nati kwa ajili ya safari. Pikapu hiyo ilikuwa kimya sana ikitembea. Katika msimu wote Swabir hakuthubutu kuifungia bomba lake mwenyewe, maana alimjua aliyelitengeneza.

Ndipo akasikia mngurumo kwa mbali. Ndovu wa Shimba, akawaza, tena kwa fahari kidogo. Nyuma yake akasikia Bwana Harusi. Kisha Shemeji, na Shemeji mwingine, na Ndovu wawili kwa pamoja, mpaka mabati ya kibanda yakaanza kutetemeka. Msimu wake wote ulikuwa ukimjia barabarani, na aliweza kuutaja gari kwa gari bila kufungua macho.

Uwanja ulijaa. Bi Mwanapili alishuka katikati ya vigelegele vya wapishi wenzake, huku Lewis naye akiwasili na miwani yake ya jua.

"Mtani, sikai," alisema Bi Mwanapili. "Nachukua kitu kimoja tu, iwe ndio utani wetu."

Wapishi wawili, watu wa kunyanyua masufuria ya harusi, walimwondoa Swabir juu ya gunia kwa upole, wakalibeba.

"Bi, hilo ni takataka tu."

"Ndio maana nakuondolea."

Watu wakaangua kicheko. Swabir alijaribu kucheka nao, mdomo ukamkatalia. Alihisi Malindi nzima ikimponyoka, na uchungu ukamshika kweli kweli.

"Mimi na wewe si watani," akasema. "Nilikosea ukoo."

Magari yalizimwa moja baada ya jingine.

"Si watani?" Bi Mwanapili aliuliza kwa sauti ya chini. "Basi mabomba ya hawa uliyachukua kwa jina gani? Nakuuliza kwa wema, mwanangu, na polisi ni hapo mbele."

Swabir alimtazama Chirau. Akamtazama Shutu, ambaye alikuwa ameshika jeki. 

"Ni watani," alisema. "Kwa babu mzaa mama."

"Maashallah."

Lewis alikuwa amechoka kusimama juani. "Sasa mzigo ni ya nani, bro?"

Swabir alijibu akiangalia viatu vyake. "Wa mtani wangu."

Lewis, ambaye kwenye biashara hakuwa na ukoo, alitoa mzani wake na kuhamia kwa Bi Mwanapili. Kila mwenye gari akapata haki yake hapo hapo, na Chirau akaulizia kama kuna bomba lisilo na sauti kabisa.

Mama yule hakuwa na roho mbaya. Alimfungia Swabir pilau ya njiani, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Kule Msambweni ulikula bila kualikwa," alimwambia. "Hii ni yako."

Swabir akaingia kwenye pikapu bila kuaga. Alipoiwasha, ililia kwa mlio ambao hata Ndovu wa Shimba hakuwahi kuufikia. Alichungulia nje. Ziro alikuwa ametoka chini ya gari na bomba zima mkononi, kitumbo chake kikiwa kizima, naye alikuwa akielekea kwenye mzani.

"Mtani," Ziro akamwambia, na kumpungia.

Ukimya wa siku zote wa pikapu ile ulibaki Ukunda. Swabir alipita Tiwi watu wakitoka nje kuangalia, na alipofika Kombani habari ilikuwa imemtangulia kwa simu. Soko zima lilisimama kando ya barabara, wauza nazi na wauza mboga, likimwita mtani, mtani.

Swabir alipunguza mwendo, akapunga mkono, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Angefanya nini? Kukasirika ni aibu.