Ofisi Iliyohamia Stoo ya Mifagio

Wakazi wa Apia mnatangaziwa kwamba tangu mwezi uliopita hakuna tena anayepotea ndani ya jengo letu la serikali. Kila chumba, korido na ngazi vimeingizwa kwenye Kielelezo cha Mahali pa Ndani, yaani ramani ya jengo inayosomwa na simu, na simu ya mwananchi itamfikisha mlangoni. Mimi ndiye katibu wa kamati ya Kielelezo hicho, kwa hiyo najua ninachosema.

Kuelekezana kwa "upande wa bahari" na "upande wa milima", kama Samoa nzima inavyofanya, kumepigwa marufuku ndani ya jengo. Bahari haina namba ya chumba.

Kulikuwa na rekebisho dogo tu. Mkurugenzi wetu, Bwana Lafaele, kwa sababu za usalama, yaani wenye shida wasimfikie, aliagiza alama ya ofisi yake kwenye Kielelezo ihamishiwe stoo ya mifagio, ghorofa ya pili. Nikaihamisha kwa weledi mkubwa.

Jumatano akaja Mama Fuatino, jasho linamtiririka. Alihitaji sahihi ya Mkurugenzi kwenye kibali cha kusafirisha mikeka ya harusi ya bintiye kule Auckland. Ndege ilikuwa saa tisa, na harusi bila mikeka ni aibu ya ukoo mzima. Simu ikamwambia, "Umefika." Akafungua mlango, akamkuta Pelenato, mfagiaji, anakunywa kakao.

"Wewe ndiye Mkurugenzi?"

"Simu ndiyo inavyosema, mama. Wewe ni wa kumi na saba leo. Kaa, ndoo hiyo hapo."

"Mwanangu, usinitanie, ndege itaniacha!"

Hapo hapo akatokea Waziri, simu mkononi, nami nyuma yake. Alikuja na ripoti ya mahudhurio, ambayo Kielelezo huitoa chenyewe kwa kufuata simu za watumishi.

"Mkurugenzi hajakanyaga ofisini kwake siku ishirini," alisema, akiitazama ndoo. "Na ofisi yenyewe ndiyo hii?"

Nilianza kuipanga mifagio.

"Yupo, Mheshimiwa," alisema Pelenato. "Panda ngazi, ukifika juu shika upande wa milima, mlango wa mwisho, penye kiyoyozi kinachokoroma."

Tukapanda sote wanne. Mama Fuatino akagonga.

"Mkurugenzi hayupo!" ikajibu sauti ya Bwana Lafaele kutoka ndani.

"Basi wote tumekubaliana," alisema Waziri. "Simu, ripoti, na yeye mwenyewe." Akakiegemeza kibali ukutani, akakitia sahihi. Mama Fuatino akamkumbatia Pelenato mpaka kofia ikamdondoka, akashuka ngazi mbio.

Kamati imeketi. Kwa kuwa Kielelezo hakikosei, Bwana Lafaele amehamia kwenye ofisi yake halali, ghorofa ya pili. Ana ndoo yake, nami katibu, niliyeihamisha alama, nina yangu. Mwenye shida yoyote na aje. Simu itamleta moja kwa moja, na mlango wetu hauna komeo.