Maji ya Moto Kando ya Bani

Jumatatu, 2 Machi 1992, Katumba
Leo nimeanza muungano baridi. Naeleza, ili wajukuu waelewe: viini vya hidrojeni nzito huungana ndani ya chuma na kutoa joto bila moto wowote. Redio ilisema wataalamu wa Ulaya bado wanabishania sababu. Wangeniuliza. Vifaa: chupa ya mdomo mpana, chumvi, nyaya, betri za redio. Chuma kinachotakiwa, paladi, sina, nimetumia kijiko. Maji mazito pia sina. Nimechota ya chini kabisa ya mtungi. Meza nimeiegemeza kwenye ukuta wa bani, banda letu la kukaushia tumbaku, mvua isinifikie. Ndani, mke wangu Gaudiose anakausha mavuno yetu ya mwaka mzima.

Jumanne, 3 Machi
Maji yamepata moto. Nikamwita Méthode, mwalimu mstaafu mwenzangu. Akatumbukiza kidole, akakubali. Sababu ndiyo ikatugombanisha. Mimi: viini hubanana ndani ya chuma kama wageni wa msiba kwenye mkeka mmoja, mwisho wanakuwa kitu kimoja. Yeye: chembe isiyo na chaji hupenya kiini kimyakimya, kama mbuzi kwenye shamba la muhogo. Nikamuuliza mbuzi katoka wapi. Akasema sikufundishwa vizuri.

Jumatano, 4 Machi
Gaudiose kaenda msibani Mwamkulu. Kaniachia bani: nikate kuni, nichochee tanuru kila saa, jani likipoa kabla ya wakati linakuwa jeusi na soko hakuna. Nikamwambia: mama Emelyne, nenda kwa amani.

Méthode akaja na chaki na kiti chake. Tukaandika hesabu ukutani mpaka saa kumi. Ghafla maji yakaanza kupoa. Yeye akasema mbuzi kashiba. Mimi nikasema wageni wametawanyika. Ubishi ukawa mkali.

Gaudiose akarudi. Akagusa ukuta wa bani. Hakupaza sauti. Akauliza kuni ziko wapi; nikamweleza kwamba kinadharia hazihitajiki tena. Akachukua shoka, akapasua meza yangu, kisha kiti cha Méthode, akawasha tanuru. Akasema nyie walimu nyie, jani likiharibika mtalivuta wenyewe mpaka liishe.

Ijumaa, 6 Machi
Tumbaku imepona, isipokuwa safu ya chini. Gaudiose anasema nami kwa kupitia kuku.

Chupa sasa iko chini, palepale ukutani. Maji yamepata moto tena, tangu tanuru lilipowaka vizuri. Méthode kaja na kiti cha kuazima. Kwa mara ya kwanza tumeafikiana: meza haikuhusika, na viini, kama sisi sote, vilihitaji tu kupumzika kidogo.

Kesho nitamshauri Gaudiose apunguze kuni.