Picha ya Mastura na Lenzi Namba Tatu

Changamwe, Jumamosi, 5 Agosti 1961

Shemeji Mahfoudha anahamia Adeni na mumewe. Meli ni tarehe kumi na tisa. Anaondoka na picha pekee ya nduguye Mastura, marehemu mke wangu, waliyopigwa wanawake kumi na wawili kwenye harusi ya jirani. Uso wake humo mdogo kama punje ya choroko. Na mimi nina kamera mwaka wa nne huu! Nimepiga meli, matangi ya mafuta, baiskeli yangu. Mastura nilikuwa nikimwambia angoje nipate filamu nzuri. Alingoja mpaka homa ikamchukua.

Nimemwomba shemeji nikate uso tu kwa mkasi. Akaivuta picha nyuma ya pazia, nikaaga.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimepata njia. Kuna lenzi ndogo za kuvika mbele ya kamera. Unapiga kitu kwa karibu, kinatoka kikubwa. Zapatikana namba moja, mbili na tatu. Kioko, mwenye studio hapa sokoni, ameniambia nimletee picha tu, ainakili bure kwa kamera yake kubwa. Nikamjibu kwamba mke wangu hakuwa mtu wa kutazamwa na wanaume, wala sasa si wa kutazamwa. Huyu Kioko hujifanya anajua kila kitu. Nimenunua namba mbili. Moja ni ya waoga.

Ijumaa, 11 Agosti

Baada ya swala nimekwenda Kisauni kwa shemeji. Picha nimepewa, lakini ndani ya bahasha ya kaki iliyoshonwa pande zote, na tundu moja penye uso wa Mastura. Akasema wale wengine wamo bila buibui na si maharimu zangu. Haki yake. Nikapima kwa uzi toka lenzi hadi bahasha, nikamweka Mastura katikati ya kidirisha cha kutazamia, nikapiga picha zote kumi na mbili za filamu. Wallahi leo nimeshinda.

Jumanne, 15 Agosti

Filamu lazima isafishwe, na msafishaji hapa ni Kioko peke yake. Hilo sikulifikiri. Nikamwomba asafishe bila kutazama. Akasema kusafisha ni gizani, haoni kitu, ila kuchapa atachapa kwa macho yake. Nikakubali kwa uchungu.

Picha kumi na mbili za karatasi ya kaki. Safi, waweza kuhesabu nyuzi zake. Mastura hayumo. Kioko akanieleza kwamba kidirisha kiko juu ya lenzi, na ukisogea karibu kidirisha huona mahali pamoja, lenzi huona chini yake. Niinue kamera kidogo. Maneno ya mtu aliyekosa kazi. Kasoro ni nguvu ya lenzi. Nimenunua namba tatu.

Ijumaa, 18 Agosti

Siku ya mwisho. Shemeji amenipa picha toka alasiri mpaka magharibi. Yeye ndani anafunga mizigo, namsikia akilia. Akaniambia kutoka nyuma ya pazia niiweke kamera chini, nikae nimtazame mwenzangu. Nikamwambia nina kazi. Uzi ukakatika, nikachomoa mwingine kwenye kikoi changu. Adhana imenikuta napiga ya kumi na mbili.

Jumatano, 23 Agosti

Meli imeshaondoka. Picha kumi na moja ni kaki. Moja ina ukingo wa tundu na kipande cha kidevu. Kioko hakucheka. Alikitia katika fremu ndogo, akanipa pole.

Nimekitazama kidevu hicho asubuhi nzima. Nimelia, kwa nini nifiche. Alikuwa na baka dogo shavuni, na sijui tena ni la kulia au la kushoto. Ijumaa nilikaa naye kwa muda wa saa tatu hivi.

Shemeji aliahidi kuja kututembelea, na picha yake, baada ya miaka miwili, inshallah. Lenzi ninazo, nitavika namba mbili na namba tatu pamoja. Safari hiyo sipotezi wakati hata kidogo. Nikiwekewa tu bahasha mbele yangu, naanza kupima.