Nusu Kichwa cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Asubuhi njema, ikaharibika saa nne. Nilikuwa nimemaliza kunyoa upande wa kushoto wa kichwa cha baba mkwe, mke wangu akaingia na chai. Mada: akina mama wachuuzi, na vitoto vyao, walio mbele ya kibanda changu cha kinyozi. Mgombea udiwani mmoja atawahamisha, mwingine atawaacha. Mzee akasema njia ni ya wapita njia na sheria ni sheria. Bintiye akamuuliza kama sheria hunyonyesha. Mzee akainuka. Akavuka barabara na kitambaa changu shingoni, akaketi kwa kinyozi wa ng'ambo, adui yangu wa siku zote. Huyo ndiye aliyemalizia upande wa kulia. Mtaa mzima ukitazama.

Jumanne, 4 Juni
Mzee hakanyagi kwetu mpaka aombwe radhi. Binti haombi. Nyumbani anayenisemesha ni redio tu. Nikiwa nafagia nywele nikang'amua: hawagombanii wachuuzi hata kidogo. Mzee hupima kila jambo kwa heshima, mke wangu kwa huruma. Anahitajika mtu wa kumweleza kila mmoja kwa lugha yake. Mtu mwenye akili na nafasi. Nafasi ninayo, wateja hawapo.

Jumatano, 5 Juni
Kazi imefanyika. Nilimfuata mzee kwake, nikamwambia wale akina mama walikuwa pale kabla njia haijawekwa lami. Kumfukuza aliyekutangulia ni utovu wa adabu. Akakuna ule upande wa kulia. Mke wangu nikamwambia malori yanapita hatua moja tu kutoka kwa vitoto vyao. Mwenye huruma angewatafutia mahali salama. Machozi yakamlengalenga. Nimejipongeza kwa soda.

Alhamisi, 6 Juni
Mzee alikuja kibandani kupatana na bintiye. Akatangaza kwamba wachuuzi wabaki. Mke wangu akasema waondoke, tena leo hii. Wakaanza upya, kila mmoja kashika upande wa mwenzake, sauti zilezile. Mpaka mzee akataka kujua hayo ya malori kayatoa wapi. Bintiye naye akamuuliza hayo ya adabu kayatoa wapi. Wote wawili wakanigeukia.
"Na wewe mkwe, wabaki au waondoke?"
Nikamjibu mzee kwamba inategemea anayeuliza ni nani. Wakatoka pamoja, baba na binti, wakicheka. Muuza ndizi, aliyesikia kila neno, kahamishia meza yake kwa adui.

Ijumaa, 7 Juni
Wamepatana. Wachuuzi wabaki, ila wasogee hadi ukutani, mbali na malori. Wamekubaliana bila mimi, mzee akiwa kwenye kiti cha adui, akinyolewa pande zote mbili.
Nimetafakari kosa langu na nimeliona: niliwaacha wakutane. Kesho wagombea wote wawili wanakuja kunyolewa ndevu, kila mmoja kwa saa yake. Nimeshaandaa hoja nne, moja kwa kila shavu.