Boga Lililoliwa Kabla ya Kupimwa

Jumatatu, 6 Oktoba

Wiki kumi kamili tangu niondoke Flagaman, kijijini kwetu Jamaika. Baridi imeanza kuuma masikio. Matufaha bado yamejaa mitini, kana kwamba hayajasikia kwamba tumechoka.

Barua kutoka kwa Kerisha leo. Binti yangu ana miaka tisa na mwandiko wake umeshanizidi. Anasema Ijumaa ya tarehe kumi na nne Novemba ni siku ya zawadi shuleni kwao, na mwalimu mkuu, Bi. Ebanks, ameniweka kwenye ratiba. Nitahutubia. Mada: Kufundisha Marekani. Nije na picha.

Naandika ukweli hapa, maana daftari hili halisomwi na mtu. Mimi sifundishi. Nachuma matufaha kwa Bwana Tillotson, jimbo la New York, pamoja na Wajamaika wenzangu kumi na mmoja. Shamba limepakana na shule ya msingi ya Elm Hollow. Mwezi wa nane niliwatengenezea uzio. Nilipopiga simu nyumbani nikamwambia mke wangu, Verona, kwamba mwaka huu nina kazi shuleni. Huo si uongo. Akauliza kazi gani, nikasema kazi ya karibu na watoto. Hapo pengine niliteleza kidogo. Lakini aliyemwambia mama yake kwamba nafundisha ni Verona, na aliyetangaza kanisani ni mama yake. Sioni kwa nini lawama iwe yangu.

Sasa Kerisha amejisifu darasani. Nikirudi mikono mitupu, watoto wa Flagaman watamwita mwongo mpaka siku ya harusi yake. Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini nilikaa humo muda wa kutosha kujua watoto wanavyomtafuna mwenzao.

Shule ya Elm Hollow hutoa jarida kila Ijumaa. Karatasi moja, mbele na nyuma, habari za msimu huu wa majani kupukutika: nani kang'oka jino, nani kaleta jani jekundu kuliko yote, na picha. Hubandikwa kwenye duka la shamba. Nahitaji picha moja tu humo, mimi na watoto. Keshokutwa darasa la pili linakuja kuona matufaha. Kesho namwomba Bwana Tillotson mimi ndiye niwatembeze.

Jumatano, 8 Oktoba

Dhuluma. Bwana Tillotson amemchagua Lascelles Pinnock. Nikauliza sababu. Eti Lascelles ana uso wa furaha. Mimi nina uso niliopewa na Mungu, nami nimeuamsha saa kumi na moja alfajiri kila siku kwa wiki kumi. Lascelles anatoka Portland, mkoa wa Jamaika wa mvua na uvivu. Analala kitanda cha juu yangu. Hajawahi kujaza kreti kabla yangu hata siku moja.

Watoto ishirini na wawili, basi la njano. Mwalimu wao Bi. Marchetti, mwanamke mfupi, kamera shingoni. Lascelles akapanda ngazi akawaonyesha: tufaha halivutwi, linageuzwa litazame juu, lenyewe linaachia. Watoto wakapiga makofi kana kwamba amelivumbua yeye. Mbinu hiyo nilimfundisha mimi, mwaka juzi, alipokuwa anavunja matawi kama mbuzi.

Mimi nikapewa trekta. Dereva wa trekta kazi yake ni kuwapa watoto mgongo. Basi nikapiga hesabu. Bi. Marchetti alipowapanga wapigwe picha, nikashuka, nikazunguka mti, nikasimama nyuma yao na ndoo ya kuchumia kifuani. Nikatabasamu. Kamera ikalia. Nimeingia.

Lascelles akaniuliza baadaye mbona nilikakamaa pale kama mtu aliyekanyaga msumari. Wivu huo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Jarida limetoka. Lascelles yuko katikati, meno yote thelathini na mawili. Nyuma yake mti. Nyuma ya mti kiwiko. Kiwiko hicho ni changu.

Chini wameandika: Asante Bwana Lascelles, mwalimu wetu wa matufaha. Mwalimu. Neno nililolitolea jasho mimi, kapewa yeye bure.

Amebandika nakala juu ya kitanda chake. Jioni nzima bwenini hana jingine: "Kaka Dunkley, hebu nisainie hapa kwenye kiwiko, niwapelekee wazee Portland." Wanaume wazima kumi wakacheka mpaka wali ukaungua. Nami nimekula wali ulioungua kwa kosa ambalo si langu.

Nikampigia Verona. Nikasema picha iko njiani. Akasema vizuri, baba Kerisha, maana mtoto ameshapigilia msumari ukutani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Boga. Bwana Tillotson ameipa shule boga lake kubwa la mwaka huu. Tulilinyanyua mimi na Lascelles, yaani mimi, Lascelles akipumua karibu yangu. Kiuno changu ni shahidi. Tukalipeleka kwa tela hadi kibaraza cha shule.

Jumamosi ni Sikukuu ya Mavuno. Bi. Marchetti akanieleza mambo yao. Kila mtoto analizunguka boga, analigusa, haruhusiwi kulinyanyua. Anaandika kwenye kikaratasi uzito anaoukisia, anatumbukiza sandukuni. Aliyekaribia kuliko wote anapewa utepe wa bluu na anakalia kiti cha mwalimu mkuu siku nzima.

Nikauliza, kisha boga? Akasema linabaki pale ngazini, linapendeza. Mpaka lini? Mpaka lioze.

Nimebeba mengi katika nchi hii, lakini hilo limenikaa vibaya. Kwetu Jumamosi bila supu ya boga haihesabiki kuwa Jumamosi. Mama yangu angeona boga kama lile linaachwa lioze ngazini mwa shule, mbele ya watoto, angeita polisi.

Nikiwa bado na hasira, wazo likaja. Supu. Supu ya shule nzima, siku ya sikukuu, kwa mkono wangu. Mpishi hapigwi picha ya kiwiko. Simwambii mtu, hasa Lascelles, maana ataiba wazo na atatabasamu juu yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Watasema watakalosema, haki iko upande wangu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipeleka meza na marobota ya majani makavu shuleni, kama nilivyotumwa. Hakuna mtu. Sanduku la vikaratasi limefungwa kwa gundi ya karatasi. Kwa hiyo kukisia kumekwisha. Na uzito wenyewe walimu wanaujua, maana nani hutunga mtihani asiojua jibu lake? Nikaweka ubao, nikalivingirisha boga hadi kwenye tela, nikarudi nyuma ya bweni. Panga, kuni, masufuria mawili yale makubwa.

Boga la huku ni maji matupu na utamu haba, kama watu fulani wa Portland. Nikalirekebisha. Viazi vikuu, karoti, tui la nazi, vitunguu majani, madonge ya unga yaliyofikichwa marefu kama vidole. Pilipili mbuzi moja nzima kila sufuria, ielee tu itoe harufu, isipasuke. Nilizilinda kama mayai.

Saa tano nikaingia uwanjani. Foleni ikafika kwenye bembea. Watoto wakanywa, wakarudi, wakanywa tena. Mwalimu mkuu, Bwana Osgood, mabakuli mawili. Akasema Bwana Dunkley, miaka yote hii ulijificha wapi? Bi. Marchetti akainua kamera. Nikanyoosha kola.

Saa sita kamili Bwana Tillotson akaja amebeba mizani ya shamba. Kumbe kupima ni hadharani. Kumbe kupima ndiyo sikukuu yenyewe. Umati wote ukageuka kutazama kibaraza.

Bwana Osgood akauliza boga liko wapi. Lascelles, bakuli la tatu mkononi, akamjibu kwa adabu kubwa: "Mkuu, si hilo unalitafuna?"

Watoto mia mbili na kumi. Msichana mmoja wa darasa la pili, Josie, pengo mbele, akaja mpaka miguuni pangu akasema nimekula shindano lao. Nikamwambia na yeye kalila mabakuli mawili, nimehesabu. Akaangua kilio. Sasa eti nimemliza mtoto.

Hakuna aliyejua jibu. Shule nzima, walimu na vyeti vyao, wametunga mtihani bila jibu, na mkosaji ni mpishi. Bwana Tillotson hakupaza sauti. Alisema tu kwamba majina ya watu wa kuitwa mwakani bado ameyaandika kwa penseli. Bi. Marchetti akashusha kamera. Hakuna picha.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeitwa darasani. Nikajua ni kuomba radhi. Nikavaa shati la kanisani. Radhi nilikuwa nayo tayari, fupi, isiyokubali kosa lolote.

Haikuhitajika. Bi. Marchetti akasema watoto wameamua kuutafuta uzito wenyewe, na mimi ndiye shahidi. Maganda na mbegu nilikuwa nimewawekea nguruwe wa Bwana Tillotson kwenye ndoo, wakayapima. Wakanihoji kama polisi. Maji ndoo ngapi? Unga kiasi gani? Nazi zilikuwa kubwa au ndogo? Mabakuli mangapi yalinywewa, na nani kamwaga? Jibu la kwanza: boga lilikuwa jepesi kuliko madonge. Jibu la pili: lilikuwa zito kuliko trekta. Mvulana mmoja akashauri tupimwe sote tuliokunywa.

Josie bado amenununa. Akauliza, si wewe ndiye ulilibeba? Basi lilikuwa zito kama nini?

Hilo naliweza. Nimebeba saruji tangu nina miaka kumi na minne. Nikafumba macho, nikalinyanyua tena kichwani mwangu, nikampunguza Lascelles. Mfuko mmoja na nusu, nikasema. Mfuko pauni ngapi? Tisini na nne, hata ukiniamsha usingizini nitakwambia. Bi. Marchetti akanipa kalamu ya ubao.

Sijasimama mbele ya darasa tangu siku niliyochapwa fimbo darasa la nne. Nikaandika 94. Nusu yake 47, chini yake. Mstari. Watoto wote wamenyoosha mikono kutaka kujibu. Nikaandika 131. Kamera ikalia.

Josie akasema, Bwana Dunkley, moja imebaki mkononi. Nikamwambia nilikuwa namjaribu, na amefaulu. Mia moja arobaini na moja. Wakafungua sanduku. Utepe kapata mtoto wa chekechea aliyeandika mia moja arobaini kwa sababu ndiyo namba kubwa kuliko zote anazozijua. Josie akanishika mkono kunisindikiza mlangoni. Sikuwa nimeomba kusindikizwa, lakini sikuukataa mkono.

Ijumaa, 24 Oktoba

Nimo. Uso mzima, mikono yote miwili, ubao, watoto wamenyoosha vidole. Hata Lascelles ameitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Kaka, hapo umetoka mwalimu kweli." Sijui ana njama gani.

Kuna kasoro mbili. Juu wameandika kwa herufi kubwa: MTU ALIYEPIKA BOGA LETU. Na ubaoni inasomeka 131. Wangeshindwa nini kusubiri sekunde mbili? Shule ya watu wazima, haina subira.

Kichwa cha habari nimekikata kwa mkasi. Hesabu nitaifunika kwa kidole gumba nikiishika mbele ya watu.

Bwana Tillotson amenikuta na mkasi. Akasema Bwana Osgood amemwomba nirudi mwakani, ila boga litafungwa kwa mnyororo. Sijacheka.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimepiga simu nyumbani kutoa habari njema. Akapokea Kerisha mwenyewe, sauti ndogo. Akasema baba, usikasirike. Ijumaa amemwambia Bi. Ebanks ukweli. Kwamba baba yake hafundishi, anachuma matufaha. Alikuwa anajua tangu Septemba, maana mama alipiga simu shambani nikiwa kazini na Bwana Lascelles akamweleza; ila yeye Kerisha alikuwa ameshajisifu, akaona haya kusema.

Nikauliza walimcheka? Akasema hakuna aliyecheka. Bi. Ebanks amefurahi, kabadilisha mada kwenye ratiba: Tufaha Linavyochumwa. Hakuna mtoto Flagaman aliyewahi kuuona mti wa tufaha, wote wanasubiri. Akasema, "Nakutaka wewe tu, baba. Picha si lazima."

Nikaagana naye. Wiki tatu. Kiwiko changu. Kiuno changu. Boga la pauni mia moja arobaini na moja. Halafu niende nikasimame mbele ya shule nzima kueleza jambo ambalo hata Lascelles analiweza?

Nimempigia Bi. Ebanks mwenyewe, hata kabla hajaenda kanisani. Nikamweleza kwamba Kerisha ni mtoto mnyenyekevu, tumemlea asijikweze. Baba yake anafundisha. Tena hesabu. Picha ninayo.

Bi. Ebanks akasema basi Mungu ni mwema, maana mwalimu wa hesabu wa darasa la sita yuko likizo ya uzazi na watoto wana mtihani wa taifa mbele yao. Ningeweza kuwashikia wiki moja?

Nikamwambia wiki moja haitoshi kitu. Aniandikie hadi Krismasi.

Natua Jumamosi, tarehe nane Novemba, saa nane mchana. Jumatatu asubuhi niko darasani. Wawe na daftari.