Nimeisugua Bushi Hadi Ikang'aa

Leo nimeaibika, tena mbele ya wafiwa.

Mnanijua, mimi mtu wa ndani. Mkuyuni yote naifahamu kwa kuchungulia dirishani. Ila tangu baba afariki, mashine yake ya kusaga ndiyo inatulisha mimi na mama, na bushi, ile pete ya chuma ambamo shafti inazungukia, ilikuwa imelika. Jana Fundi Masalu akatuletea mpya, akakimbilia kazi nyingine Busisi. Aliniachia agizo moja tu: "Hii haitaki grisi wala oili. Inajilainisha yenyewe. Wewe ifunge."

Asubuhi nikaitoa kwenye boksi. Ndani nyeusi tii, kama kitako cha sufuria! Na leo tulikuwa tunasaga unga wa msiba wa jirani yetu, Mzee Lukas. Waombolezaji wanasubiri ugali wa mchana. Niwalishe masizi? Nikachukua msasa. Nikasugua saa nzima, ikang'aa hadi nikayaona meno yangu. (Nilikuwa natabasamu. Mungu anisamehe.)

Nikafunga. Akina mama wakafika na madebe ya mahindi, wakiongozwa na Neema, binti wa marehemu, macho yamemvimba. Mama akawasha.

Dakika mbili, safi. Ya tatu, mlio kama nguruwe anachinjwa! Moshi. Kisha kimya. Shafti imeganda.

Mama akampigia fundi, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie. Wakasikia wote.

"Umeifungaje, kijana?"

"Vizuri, fundi. Na ule uchafu mweusi nimeutoa wote."

"Uchafu upi?"

"Wa ndani. Nimepiga msasa."

Fundi akanyamaza. Nikadhani salio limeisha. (Niliomba iwe salio.)

"Wewe! Huo weusi ndio kilainishi chenyewe! Umeukwangua wote!"

Mama akanigeukia. "Sahani zako zinalala siku tatu hazijaoshwa. Usafi umeukumbuka leo?"

Aliyeanza kucheka ni Neema. Alicheka hadi akashika ukuta, kisha kicheko kikageuka kilio, wenzake wakamkumbatia. Mimi nimesimama tu, spana mkononi.

Mahindi yamerudi vilevile. Msibani wamekula viazi vya kuchemsha. Shafti ya baba imechimbika, na mama hajanisemesha tangu mchana.

Kesho tunazika. Mkiniona nimejiinamia kule nyuma kabisa, nawasihi msicheke. Wafiwa wameshacheka kwa niaba yenu.